Kutwa mara tatu au mara moja kwa siku? Kidonge cha kawaida na kidonge cha polepole

Ukienda kwenye famasi yoyote Dar es Salaam, iwe Kariakoo, Sinza au Mbagala Rangi Tatu, ukaulizia metformini ya sukari, huenda ukajibiwa kwa swali: "Ya kawaida au XR?" XR ni ile ya kutoa dawa polepole. Wengi hutazama bei na kuchukua ya chini. Wengine hutazama namba, wakaona 1000 imezidi 500, wakaamua hiyo ndiyo kali. Bei ni sababu halali, hakuna wa kukulaumu. Ila kwenye namba watu wanapotea, kwa sababu kidonge cha kutoa dawa polepole hubeba dozi ya nusu siku au ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni jinsi ilivyofungwa.

Nitazilinganisha hizo sura mbili kwa dawa zinazotumika sana hapa mjini, na mwisho nitagusa sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, maana navyo ni jamaa wa ukoo huo huo. Msimamo wangu nautoa mapema: usianze kwa kuuliza ipi ina nguvu. Uliza, "Nikitaka kuisimamisha, nitaweza?"

Kinachotokea baada ya kumeza

Kidonge cha kawaida huvunjika tumboni ndani ya muda mfupi. Dawa yote inaingia kwenye damu kwa pamoja, inapanda hadi kileleni, kisha ini na figo zinaanza kuiondoa. Inapokaribia kwisha unameza kingine, na ndiyo maana bahasha ya dawa huandikwa "1 x 3", yaani moja kutwa mara tatu. Shida iko kwenye kupanda na kushuka huko. Dawa ikiwa kileleni, madhara yake yanasikika zaidi: kizunguzungu, kichwa kugonga, tumbo kuvurugika. Ikishuka chini sana, ugonjwa unapata nafasi.

Kidonge cha polepole kinajaribu kusawazisha hiyo milima na mabonde, na kuna njia kadhaa za kufanya hivyo. Inayotumika sana ni kuchanganya dawa na unga unaotokana na selulosi ya mimea, uitwao haipromelozi. Ukilowana, tabaka la nje linageuka ute mzito kama wa bamia. Maji yanapenya ndani taratibu na dawa inatoka nje taratibu. Njia ya zamani zaidi ni vijipunje: mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ilianza kuuza kapsuli zilizojaa punje ndogo ndogo zenye maganda ya unene tofauti, nyembamba ziyeyuke mapema na nene zichelewe.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi kwa ufundi wake. Kidonge kinavikwa ganda gumu linaloruhusu maji kuingia lakini haliruhusu kingine chochote kupita, kisha kinatobolewa tundu dogo kwa mwanga wa leza. Maji yakiingia, tabaka la chini linavimba na kuisukuma dawa itoke kwenye lile tundu kwa kasi karibu ile ile saa baada ya saa. Dawa ikiisha, ganda tupu linapita na choo. Mgonjwa akiliona hudhani kidonge kimetoka kizima na hakikufanya kazi, akaongeza kingine. Asifanye hivyo. Hata vile vya ute vinaweza kuacha mabaki laini yenye umbo la kidonge.

Metformini: ya kawaida na XR

Hapa ndipo uamuzi unawagusa watu wengi, kwa hiyo tuketi kidogo.

Metformini ya kawaida humezwa mara mbili au tatu kwa siku pamoja na chakula. Tatizo lake kubwa ni tumbo: kichefuchefu, gesi, kuharisha, hasa wiki za mwanzo. Anayetoka Gongo la Mboto kila alfajiri kwenda Posta na foleni zake hahitaji kuelezwa maana ya kuharisha ukiwa ndani ya daladala. XR hupunguza usumbufu huo kwa watu wengi, kwa kuwa dawa haimwagiki yote mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwenye kushusha sukari, dozi ya siku ikiwa sawa, hazitofautiani sana. Kwa hiyo anayekwambia XR "inatibu zaidi" anakuuzia.

XR humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha jioni. Sharti hilo la chakula lina sababu. Metformini hufyonzwa vizuri kwenye sehemu ya juu tu ya utumbo mwembamba. Kidonge kikiwahi kupita hapo kabla hakijamaliza kutoa dawa, iliyobaki inakwenda bure. Chakula hukichelewesha kidonge tumboni, kikapata muda wa kuiachia dawa kidogo kidogo kuelekea pale inapofyonzwa. Anayemeza XR asubuhi na chai kavu halafu akalalamika kwamba haimsaidii, nusu ya jibu lake ni hiyo.

Kwa wanaofunga Ramadhani, XR ina urahisi ulio wazi: inamezwa wakati wa futari na kazi imekwisha. Ya kawaida ya mara tatu inabidi ipangwe upya, kwa kawaida dozi ya mchana inaungana na ya futari na nyingine inabaki ya daku. Mpango huo ufanywe na daktari kabla mwezi haujaandama, hasa kwa anayetumia pia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari.

Bei sasa. XR huwa ghali zaidi, lakini piga hesabu ya siku, usipige ya kidonge. XR ya miligramu 500 inaweza kuhitajika vidonge viwili hadi vinne jioni moja, na hapo ile "mara moja kwa siku" haina maana ya kidonge kimoja. Kama unatibiwa kwa bima, uliza mapema kama sura hiyo imo kwenye orodha yao.

Mimi ningeanza na ya kawaida, dozi ndogo, katikati ya mlo, ikiongezwa taratibu. Tumbo likigoma baada ya wiki kadhaa, hapo ndipo ningeomba XR. Isipokuwa mtu anayejijua kwamba dozi ya mchana huwa haimezi kamwe, kwa sababu ni bodaboda au mama lishe ambaye mchana wote mikono haina nafasi. Huyo namshauri XR tangu siku ya kwanza, mfuko ukiruhusu. Figo zikiwa na hitilafu, tahadhari ni ile ile kwa zote mbili.

Presha: nifedipini ya polepole na amlodipini ya kawaida

Ulinganisho huu ni wa aina nyingine, na nadhani ndio wenye somo zaidi.

Nifedipini haidumu mwilini. Ndani ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Zamani ilikuwa ikitolewa kama kapsuli yenye maji ndani, na palikuwa na mtindo wa kuitoboa na kumkamulia mgonjwa chini ya ulimi pale presha inapopanda sana. Presha ilishuka kweli, tena kwa kishindo, na wengine wakapata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa sababu damu haikufika vizuri kwenye ubongo na moyo. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari walionya wazi kwamba mtindo huo uachwe. Nifedipini ikapona kwa kufungwa upya: ya miligramu 20 ya kutoa polepole, ambayo humezwa mara mbili kwa siku, na ile ya siku nzima yenye tundu la leza niliyoieleza juu. Bila ufundi huo sidhani kama leo ingekuwa na nafasi yoyote kwenye presha ya kila siku.

Amlodipini ni ndugu yake wa karibu lakini yenyewe haihitaji ufundi wowote. Mwili huchukua saa 30 hadi 50 kuondoa nusu yake tu. Kidonge ni cha kawaida kabisa, kinaweza kukatwa, kinaweza kusagwa, na bado dozi moja inashika siku nzima. Kwa hiyo ukikuta boksi la amlodipini halina SR wala LA, herufi za kuonyesha kidonge cha polepole, usidhani umepewa ya daraja la chini. Upole wake uko ndani ya dawa yenyewe, hauko kwenye ganda.

Dawa mseto ya malaria nayo ina hesabu kama hiyo. Artemeta huisha mwilini kwa saa chache, lumefantrini inabaki kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki. Hakuna kidonge cha polepole pale, ni kuchagua dawa mbili zenye mwendo tofauti.

Turudi kwenye presha: tofauti ya kila siku kati ya nifedipini na amlodipini inaonekana kwenye kusahau. Ukisahau nifedipini ya mara mbili kwa siku, tuseme asubuhi ya harusi, jioni ukumbini presha inaweza kuwa imeshapanda. Ukisahau amlodipini Jumamosi, Jumapili bado unayo ya kutosha kwenye damu, ingawa huo si mwaliko wa kuizoea tabia hiyo. Upande wa pili, amlodipini huchukua kama wiki moja kutulia kwenye kiwango chake, kwa hiyo kupima presha siku ya pili na kusema dawa haifai ni haraka isiyo na maana. Na ikikuletea kuvimba miguu, madhara yanayoweza kuletwa na zote mbili, haitaondoka kesho yake. Hapo ndipo swali langu la mwanzo, "Nikitaka kuisimamisha, nitaweza?", linapouma.

Kwa mtu mzima mwenye presha ya kawaida, kati ya hizi mbili ningechagua amlodipini bila kufikiria sana. Nifedipini ya polepole ningeiachia pale daktari anapokuwa na sababu mahususi, mojawapo ikiwa ujauzito, ambako imetumika kwa miaka mingi. Na ukiwa unaitumia, usibadilishe inayodumu saa 12 kwa inayodumu saa 24 kwa sababu tu famasi wameishiwa moja. Jina ni moja, mwendo ni tofauti.

Diklofenaki 50 na 100

Hili ni fupi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ile ya miligramu 50 mara nyingi ina ganda linalostahimili asidi ya tumbo na kuyeyuka kwenye utumbo. Hiyo ni kuchelewesha, si kutoa polepole: ikishafika utumboni inatoka yote. Ile ya 100 SR ndiyo ya siku nzima, moja tu. Mwisho wa dozi ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 150, kwa hiyo anayemeza 100 SR asubuhi na nyingine jioni ameshavuka. Kwa maumivu ya ghafla SR haifai, itachelewa kukupoza. Na msiamini kwamba ganda linakinga vidonda vya tumbo. Dawa hii huumiza tumbo pia kupitia damu, ikishafyonzwa. Mwenye vidonda, figo mbovu au matatizo ya moyo asichague kati ya hizo mbili, aombe kitu kingine.

Nani asipewe kidonge cha polepole

Mgonjwa wa kiharusi anayelishwa kwa mpira wa puani. Mzee asiyeweza kumeza, ambaye nyumbani wamezoea kumsagia dawa kwenye kinu kidogo na kumchanganyia na uji. Mtoto anayetafuna kila anachopewa. Kidonge cha polepole kikisagwa, dozi ya siku nzima inatoka kwa pamoja, na kwa dawa ya presha au ya maumivu makali hiyo ni sumu. Kwa watu hawa kidonge cha kawaida au dawa ya maji ndiyo chaguo bora, hata kama ni ya kutwa mara tatu na inachosha.

Kukata ni jambo tofauti kidogo na kusaga. Baadhi ya vidonge vya polepole vimetengenezwa kwa kukatika kwenye mstari, kwa mfano karbamazepini ya CR inayotumiwa na wenye kifafa, mradi nusu hizo zisitafunwe. Vingine vikikatwa vimeharibika. Kwa jicho huwezi kuvitofautisha, muulize mfamasia.

Na hapa kuna tatizo letu la mjini. Tunanunua vidonge vitano, kumi, vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti kubwa, bila boksi wala ile karatasi ya maelezo. Wakati mwingine mkasi unapita palepale penye herufi. Ukinunua rejareja, mwombe muuzaji aandike kwenye bahasha jina kamili pamoja na herufi zake: SR, XR, ER, CR, LA, MR au Retard. Ukilazwa Muhimbili au Temeke ghafla, anayekupokea atahitaji kujua hizo herufi kuliko rangi ya kidonge.

Pombe nayo isisahaulike. Baadhi ya maganda ya polepole huyeyuka haraka yakikutana na pombe. Mwaka 2005 dawa ya maumivu iitwayo Palladone iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo: ukinywa pombe, dawa ya saa 24 inaweza kumwagika mapema.

Mtu akizidisha dozi, kidonge cha polepole hudanganya. Saa za mwanzo anaonekana mzima, kisha hali inabadilika baadaye sana. Parasetamoli ya kutoa polepole ilisimamishwa Ulaya mwaka 2018 kwa sababu waliozidisha walikuwa wagumu kutibiwa kwa taratibu zilizozoeleka. Ukimkuta mtoto amemeza vidonge vya namna hii, mpeleke hospitali na pakiti yake hata kama anacheza.

Mofini ya maji na mofini ya saa 12

Wagonjwa wengi wa saratani nchini hupitia Ocean Road, na familia zao huifahamu mofini ya maji, dawa ya maumivu makali: kipimo kila baada ya saa nne, na mara nyingi cha kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Kidonge cha polepole kinachodumu saa 12 kinasikika kuwa bora mara mbili. Kwa mgonjwa ambaye maumivu yametulia na kiwango chake kinajulikana, ni kweli, anapumzika yeye na anayemuuguza.

Lakini kwa kuanzia, maji yanashinda. Dozi inaweza kupandishwa au kushushwa siku hiyo hiyo, asiyeweza kumeza anapewa kidogo kidogo, na ikimlemea mgonjwa, baada ya saa chache imepungua. Utaratibu wa kawaida ni kutafuta kiwango kwa maji kwanza, kujumlisha yote ya saa 24, kisha jumla hiyo kugawanywa sehemu mbili za vidonge. Hata hapo chupa ya maji haitupwi, inabaki kwa maumivu yanayochomoza katikati. Anayekupa kidonge cha saa 12 "kila ukisikia maumivu" amekosea matumizi yake.

Sindano ya miezi mitatu na kijiti

Tukiondoka kwenye vidonge, muda unanyooka kutoka saa kuwa miezi na miaka, na kuisimamisha dawa kunakuwa ndilo jambo zito kuliko yote.

Sindano ya uzazi wa mpango ya Depo-Provera ina chembe ndogo sana za homoni zilizoelea kwenye maji. Ndiyo maana kichupa hutikiswa kabla ya kuvutwa, na ndiyo maana unaambiwa usipasugue palipochomwa: chembe zinatakiwa zikae pale zikiyeyuka taratibu kwa miezi mitatu. Ikikusumbua kwa hedhi isiyoeleweka au uzito kuongezeka, hakuna wa kuitoa. Unasubiri. Na ukiacha kwa kutaka mtoto, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa, kwa wengi karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

Kijiti kilitokana na ugunduzi wa mwaka 1964, pale Judah Folkman na David Long walipoona kwamba dawa hupenya kwenye mpira wa silikoni kidogo kidogo. Jadelle ni vijiti viwili vyenye homoni ya levonorgestrel, hudumu miaka mitano. Implanon ni kijiti kimoja, miaka mitatu. Kinadumu zaidi ya sindano kwa mbali, na bado kinarudishika upesi zaidi: kikitolewa, homoni inashuka ndani ya siku chache na uwezo wa kushika mimba unarudi mapema.

Kwa dada anayepanga mtoto ndani ya mwaka mmoja au miwili, au asiyejua mwili wake utaipokeaje homoni, ningemwelekeza kwenye kijiti, kwa sharti kwamba kituo anachokiendea kinaviondoa vijiti pia, si kuviweka tu. Aulize hilo kabla ya kukunja mkono. Sindano ningemshauri asiyetaka kitu kionekane wala kupapaswa chini ya ngozi, kwa mfano kwa sababu ya usiri nyumbani, na ambaye hana haraka ya mtoto.

Kuna kundi moja ambalo upendeleo wangu unageuka. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au karbamazepini kwa kifafa, dawa hizo hulifanya ini liiondoe homoni haraka kuliko kijiti kinavyoitoa, na kinga inapungua. Sindano haiathiriki kiasi hicho. Kwa hiyo siku ya kwenda kliniki beba dawa zako zote kwenye mfuko, zikiwa na pakiti zake, na umwonyeshe nesi kabla hajachagua.